Testi iliyokuwa ikifa jioni

"Yaya, inakufa tena. Nirudilie?"

Swali hilo nililisikia kila jioni kwa miezi mitano kutoka meza ya pili ya chumba chetu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Kilichokuwa kikifa ni testi, kipande cha programu kinachokagua kama programu yetu inafanya kazi: kijani ni imepita, nyekundu ni imekufa. Na kila jioni nilijibu bila kuinua macho: rudilia. Leki wangu wa kazi, yaani mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, alibonyeza, tukangoja dakika nne, safari hii kijani kikatanda skrini nzima, tukafunga mlango tukaenda kula michopo. Asubuhi hakuna aliyekumbuka kama jana kulikuwa na nyekundu.

Programu yenyewe si kubwa. Mwenye duka la dawa anaandika oda kwenye simu, oda inasafiri hadi kwenye seva, kompyuta inayopokea oda zote, depo inaiona na kupakia makatoni. Seva iko Ulaya kwa sababu za bei ambazo sitazirudia hapa. Testi zilikuwa 312. Kati yake 303 hazikuwahi kutukosesha usingizi. Tisa zilizobaki ziligusa mtandao wa kweli, na hizo ndizo zilizokuwa kigeugeu: zinapita saa nne asubuhi, zinafa saa kumi na mbili jioni, zinapita tena saa mbili usiku, na hakuna mtu aliyegusa herufi moja ya msimbo, maandishi ya programu yenyewe.

Hatukuwa peke yetu, na hilo lilinifariji zaidi ya ilivyopaswa. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu 16% ya testi zao zilikuwa na kiasi fulani cha ukigeugeu. Kama wao wenye mashine zote zile wanahangaika, nikajiambia, mimi ni nani? Faraja ya namna hiyo ni mbaya kwa kazi. Ilinifanya niichukulie nyekundu kama tunavyochukulia honi za teksi hapa mjini: kelele za barabarani, hakuna anayegeuka.

Mwezi wa tatu nikafanya dhambi. Nilifungua faili, nikaitafuta taimauti, ile namba inayoiambia mashine ingoje jibu hadi wapi kabla ya kukata tamaa. Ilikuwa sekunde 1 kwa safari nzima, kuanzia kuuliza hadi kupata jibu. Nikaifanya 30. Kwenye ujumbe wa badiliko niliandika neno moja tu: "rezo", yaani mtandao. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Tulikaa kwa amani wiki moja. Kisha siku moja mchana mtandao ukakatika kabisa, na testi zikaendelea kungoja kwa adabu niliyozifundisha. Piga hesabu: testi tisa, kila moja hujaribu mara tatu, kila jaribio sekunde 30. Sekunde 810, dakika 13 na nusu za kukodolea macho ukuta ili uambiwe jambo ambalo taa ya modemu ilishakuambia. Leki alishuka kununua yunite za simu, akapiga stori na fundi cherehani wa chini, akarudi, akakuta bado. Aliniangalia kwa namna ambayo mdogo humwangalia mkubwa anapotaka kusema kitu na heshima inamzuia.

Ile 30 ilikuwa na faida moja ambayo sikuipanga. Zamani jaribio lilikatwa kwenye sekunde 1, kwa hiyo sikujua lingechukua muda gani kama lingeachwa limalize. Sasa lilikuwa linamaliza. Nikamwomba leki, kwa siku kumi, kila jioni, aandike kwenye daftari urefu wa kila ombi moja moja, kwa sekunde. Daftari la shule, kalamu ya bluu. Ninalo hapa mbele yangu ninapoandika. Ukurasa wa kwanza unakwenda hivi: 1.0, 1.1, 0.9, 1.0, 2.1, 1.0, 1.1, 6.0, 1.0, 2.0, 0.9, 4.1, 1.0.

Nilitarajia fujo. Mtandao mbovu, nilidhani, ungetoa namba zilizotawanyika kama mchele uliomwagika. Badala yake zilikaa makundi makundi. Nyingi karibu na 1. Chache karibu na 2. Mojamoja karibu na 4 na 6. Hakuna 3, hakuna 5. Mtu akikuonyesha mfuko wa mawe halafu ukayakuta yote yamechongwa kwa vipimo vinne, hutasema yameokotwa mtoni.

Nianze na kundi la 1, maana ndilo lililotutesa zaidi. Ombi moja la HTTPS, njia salama ya kuzungumza na seva, halisafiri mara moja. Kwanza kompyuta inapiga hodi kwenye seva, seva inajibu karibu, ndipo mlango unafunguka: hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi. Kisha wanakubaliana siri. Kwa TLS 1.2, toleo la kanuni ya siri hiyo tulilokuwa tukilitumia, makubaliano hayo ni safari mbili. Toleo la 1.3, lililotoka mwaka 2018, limeipunguza kuwa moja. Kisha ndipo unauliza ulichotaka kuuliza na kupewa jibu, safari ya nne. Safari nne, kabla ya kuhesabu muda wa seva kufikiri, kama milisekunde 200, na muda wa kutafuta anwani ya jina, kama 50.

Kwetu jioni safari moja ya kwenda na kurudi ilikuwa inachukua milisekunde 200. Mara nne ni 800. Jumlisha na zile 250, unapata sekunde 1.05. Mchana watu wakiwa hawajarudi nyumbani kufungua video, safari ilishuka hadi 170, na jumla ikawa 0.93. Sasa rudi kwenye taimauti ya zamani: sekunde 1 kamili. Tulikuwa tumejenga nyumba juu ya mstari wa mpaka. Upepo ukivuma kidogo upande huu testi inapita, ukivuma upande ule inakufa, na sisi tunaita hiyo bahati.

Mwenzetu aliyeandika testi hizo mwanzoni anaishi Ulaya, karibu na seva. Nilipomlalamikia alijibu kwa maneno mawili: kwangu zinapita. Nilikasirika, lakini hakuwa anadanganya. Kwake safari moja ni milisekunde 20. Mara nne ni 80, ongeza zile za seva na jina, jumla theluthi moja ya sekunde. Alipoandika 1 alijiona mkarimu, amejipa mara tatu ya anachohitaji. Mtu aliyeketi kwenye kiti chake angeandika vivyo hivyo, na mimi ningekuwa huko ningeandika vivyo hivyo pia.

Na kuna sehemu ya tofauti hiyo ambayo hakuna fundi atakayeiondoa. Kutoka Lubumbashi hadi Paris, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 7,000. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata mtu angetandika mkongo kama rula kutoka hapa hadi kule, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 70. Na mikongo haiendi kama rula. Inazunguka bara, inapita baharini, inapita mikononi mwa watu wengi.

(Kuna jambo linalonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Lualaba inazaliwa huku kwetu, kwenye nyanda za juu za Katanga, halafu inakuwa mto Kongo na kumwaga matope yake baharini, kwenye korongo refu chini ya maji. Agosti 2023 maporomoko ndani ya korongo hilo yalikata mikongo ya WACS na SAT-3, na mtandao ukazorota nchi kadhaa, hadi Afrika Kusini. Januari 2020 mikongo hiyohiyo ilikatika kwa matope yaliyokimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,000. Yaani maji yanayoanzia kwetu ndiyo yanayokwenda kutukatia intaneti. Taimauti ya siku kama hiyo sijui mtu angeiandika ngapi.)

Turudi kwenye daftari. Kundi la 2 na la 4 ni hodi iliyopotea. Pakiti ile ya kwanza, kifurushi kidogo cha data kinachobeba hodi, ikipotea njiani, kompyuta haina namna ya kujua, inangoja tu. Inangoja muda gani? Kwa kanuni ya mtandao iliyoandikwa mwaka 2011, sekunde 1 kwa mara ya kwanza. Ikikosa jibu inapiga hodi tena, safari hii inangoja 2, kisha 4, kisha 8, kila mara maradufu. Hodi moja ikipotea umeongeza sekunde 1 juu ya ile 1 ya kawaida: 2. Hodi mbili zikipotea umeongeza 1 na 2: jumla 4. Ndiyo maana hatukuwa na 3! Niliposhika hesabu hiyo nilimwita leki kwa sauti hadi fundi cherehani akauliza kama kuna moto.

Linux, mfumo endeshi uliokuwa kwenye mashine zetu, toleo la 5.15, huendelea na mtindo huo mara sita na kuacha baada ya kama sekunde 127. Yaani usipoiwekea taimauti yako, itasimama mlangoni kwa mtu zaidi ya dakika mbili ikipiga hodi. Kuanzia toleo la 6.5 hodi za mwanzo hazirudufishwi tena, zinakuja kila sekunde 1, kwa hiyo ukifanya zoezi hili kwenye mashine mpya makundi yako hayatafanana na ya kwetu. Na kabla ya 2011 mngojo wa kwanza ulikuwa sekunde 3. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maelezo ya requests, maktaba ya kutuma maombi mtandaoni ya lugha ya programu ya Python, yana mfano wa taimauti ya 3.05, namba niliyowahi kuinakili bila kujiuliza. Ni 3 na chembe kidogo, ili hodi ya pili ipate nafasi ya kutoka kabla hujakata.

Kundi la 6 ni kosa la aina nyingine. Kabla ya hodi, kompyuta lazima iulize DNS, kitabu cha anwani cha mtandao, mwenye jina hili anakaa wapi. Swali hilo kwa kawaida husafiri kwa UDP, barua isiyo na risiti. Likipotea, Linux kwa desturi yake hungoja sekunde 5 kabla ya kuuliza tena. Tano na moja, sita.

Zilikuwepo pia namba ambazo hazikuingia kundi lolote, 1.6, 1.7, nikaziwekea alama ya kuuliza. Hizo ni pakiti zilizopotea baada ya mlango kufunguka, na huko mngojo hauna namba ya kukariri. Hupimwa njiani. Na habari ya jinsi unavyopimwa inafaa nikae nayo kidogo.

Oktoba 1986 kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, sehemu mbili zilizotengana kama mita 400, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini, hakuna sifuri iliyoanguka. Van Jacobson alipochunguza, sehemu ya tatizo ilikuwa taimauti. Foleni ilirefuka, majibu yakachelewa, kompyuta zikadhani pakiti zimepotea na kuzituma tena, nakala zikajaza foleni zaidi, majibu yakachelewa zaidi. Kila mmoja alikuwa anapiga hodi upya kwa mtu ambaye tayari anakuja kufungua. Mwaka 1988 alichapisha dawa yake, na kiini cha sehemu ya taimauti ni hiki: usipime wastani wa safari peke yake, pima pia inavyoyumba. Muda wa kungoja, kama unavyohesabiwa leo, ni wastani, ongeza mara nne ya myumbo.

Watu wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa hilo. Mgeni akitoka Kipushi, kilomita kama 30, mama anajua saa ya kuweka maji ya bukari, ugali wetu, jikoni. Njia ni fupi na haina mambo mengi. Akitoka Kasumbalesa, kilomita kama 90, mama haweki maji. Sababu si urefu wa njia. Siku moja anafika kwa saa mbili, siku nyingine malori yamefunga barabara na anafika usiku, na siku zote mbili akipigiwa simu anasema niko mu njia. Wastani wa Kasumbalesa haukusaidii kupika. Unapika kwa kufuata myumbo.

Basi nikakaa na daftari nikaanza kupanga namba mpya, na hapo ndipo nilipopata aibu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike makala hii.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za zamani, za kabla ya ile 30, ili nihesabu ni testi zipi zilikufa mara nyingi. Nilikuwa nimeona nyekundu yao mara mia. Sikuwahi kusoma maneno yao. Sita kati ya tisa zilisema kitu kile kile: muda umekwisha. Lakini moja, inayotuma oda na kisha kuhesabu oda zilizofika depo, haikusema muda umekwisha. Ilisema: nilitarajia 1, nimepata 2. Siku nyingine: nilitarajia 1, nimepata 3.

Soma tena. Oda ilitumwa. Seva ikaipokea, ikaiandika, ikajibu. Jibu likafika baada ya sekunde 1.05, na mteja alishakata kwenye 1. Mteja akadhani oda imepotea, akatuma tena. Seva ikapokea oda ya pili, isiyo na tofauti yoyote na ya kwanza, ikaiandika nayo. Berkeley ya 1986 ndani ya katoni za dawa. Na nilipoweka 30, jibu likawa linafika siku zote kabla ya kukatwa, oda ya pili haikutumwa tena, na testi pekee iliyokuwa inasema kweli nikawa nimeifunga mdomo.

Kwenye simu za wateja taimauti ilikuwa sekunde 5. Jioni, mtandao ukiwa mzito, hodi mbili zikipotea na kisha jibu likikawia njiani, unazipita.

Mwezi wa kwanza mama mmoja mwenye duka la dawa alitupigia simu. Alikuwa ameagiza katoni mbili za parasetamoli, depo ikamletea sita. Nilimjibu mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Mama, utakuwa ulibonyeza mara nyingi." Akasema, "Mwanangu, nimebonyeza mara moja, nikangoya." Nikamwambia kwa upole ule wa watu wa kompyuta, upole wenye dharau ndani yake, kwamba siku nyingine asibonyeze haraka. Akanyamaza, akasema ni sawa, akatafuta mwenyewe wa kununua zile nne za ziada. Testi ile ilikuwa inapiga kelele jambo lilelile kila jioni, mezani kwa leki, na mimi nasema rudilia.

Nilimpigia. Haikuwa simu ndefu. Alisema, "Si nilikuambia?"

Dawa ya kosa hilo haikuwa taimauti. Sasa simu huipa kila oda namba yake ya pekee kabla ya kuituma, na ikilazimika kutuma tena hutuma na namba ileile. Seva ikiiona mara ya pili inajibu nimeshaipata, haiandiki upya. Testi yake inaendeshwa dhidi ya seva ya bandia ndani ya kompyuta yetu wenyewe, inayopokea oda, kuiandika, kisha kukaa kimya kwa makusudi hadi mteja akate. Haihitaji mtandao, haihitaji jioni. Inachukua robo sekunde na inakamata kosa kila mara.

Nyingi kati ya tisa tulizihamisha hivyohivyo kwenye seva ya bandia, kwenye porti (mlango wa programu ndani ya kompyuta) namba 0 ili mfumo wenyewe utoe porti iliyo wazi, maana porti ya kudumu ilishatugombanisha na programu nyingine. Moja ilikuwa inalala sekunde 2 ikingoja kazi ya nyuma imalize. Sasa inachungulia kila milisekunde 50, hadi sekunde 10, na kwa kawaida inatoka kwenye ya pili au ya tatu.

Moja ilinichekesha. Ilikuwa inahakikisha taimauti inafanya kazi kwa kujaribu kuunganisha na 192.0.2.1, anwani ya kundi lililotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabu tu, ambako hakuna mtu. Inapiga hodi, ukimya, taimauti, testi inapita. Lakini kwenye mojawapo ya modemu zetu kulikuwa na kitu njiani kinachojibu karibu kwa kila hodi, hata hodi ya nyumba isiyokuwepo. Testi inafa kwa sababu imekaribishwa. Nayo tukaipa bubu wetu wa ndani, ile seva ya bandia inayokaa kimya.

Na moja haikuhusu mtandao kabisa. Kompyuta ya mezani ya chumba chetu ni ya zamani, na betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na onduleri, betri ya akiba, ikishindwa, inaamka ikiamini ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Cheti cha TLS, kinachothibitisha seva ni yenyewe, kinaonekana bado hakijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa. Dakika moja baadaye saa inasahihishwa kutoka mtandaoni, inaruka miaka, na testi iliyokuwa katikati ya kupima muda inatangaza kwamba ombi limechukua miaka kadhaa. Msimbo ulikuwa unapima kwa saa ya ukutani. Tukaubadilisha utumie time.monotonic, saa isiyojua tarehe, inayojua kwenda mbele tu. Betri yenyewe ni CR2032, bapa kama sarafu. Tuliinunua kwa muuza saa barabarani, na ndiyo marekebisho ya bei nafuu kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye mradi.

Mwenzetu wa Ulaya aliyakubali mengi, isipokuwa namba za testi zilizobaki kwenye mtandao wa kweli. Kwa nini sekunde 10? Kwake ilikuwa uvivu. Sikubishana. Nilimtumia amri moja ya tc, chombo cha Linux cha kuongoza mtandao, kupitia sehemu yake iitwayo netem, inayochelewesha pakiti na kupoteza mbili katika kila mia. Jaribio langu la kwanza nililikosea: niliweka ucheleweshaji wa 200 kwenye mtandao wa ndani ya mashine, nikasahau kwamba hapo pakiti inacheleweshwa ikienda na ikirudi, nikamwonjesha 400. Aliniandikia kuuliza kama kweli tunaishi hivyo. Nikashusha hadi 100. Akaendesha testi za zamani kwenye Lubumbashi hiyo ya kuigiza, mezani kwake, na baada ya saa moja akaandika: imekufa. Sikujizuia. Nikamjibu, kwangu zinapita.

Namba zilizobaki sasa zina maelezo pembeni, ndani ya msimbo, mstari kwa mstari. Kuunganisha: sekunde 4, ili hodi mbili zipotee na ya tatu ifike. Jumla: sekunde 10, ikiongezwa barua moja ya DNS iliyopotea. Majaribio: moja tu. Mtu akitaka kubadilisha namba, abadilishe na sentensi. Testi 310 humaliza kwa dakika 1 na sekunde 40, mtandao uwepo usiwepo. Mbili zilizobaki kwenye mtandao wa kweli zinaendeshwa kando, mara moja kwa siku, jioni, saa ambayo wateja wetu wanaagiza.

Daftari bado linaandikwa. Juzi ilinyesha kuanzia alasiri, nikiwa natafuta ufunguo wa mlango leki akasema kutoka mezani kwake, bila kuuliza arudilie:

"Yaya, tisa nukta moja. Imepita. DNS moja, hodi mbili."

Akaandika, akafunga kalamu.